Benchi la kukaliwa na kutazamwa: jibu kwa seremala anayetaka kuchonga

Swali: Mimi ni seremala wa meza na makabati. Nimeagizwa benchi la urefu wa mita 1.8 kwa ukumbi wa jengo la umma, na mwagizaji anataka “sanamu ambayo watu wataikalia”. Nimechora umbo lenye mawimbi, mgongo wake ukiinuka upande mmoja tu hadi sentimita 80 kutoka sakafuni. Nataka kulichonga katika mbao zilizogandishwa tabaka juu ya tabaka. Nahofia mambo matatu: lisipasuke, lisipinduke, na watu wasilione kuwa samani iliyokosewa. Nitajuaje kwamba nimefika kwenye sanaa bila kuharibu kiti?

Jibu: Tuanze na hofu yako ya tatu, maana ndiyo itakayoamua vipimo vya hizo mbili nyingine.

Samani haigeuki sanaa kwa kushindwa kazi yake. Kiti kinachomchoma mtu mgongoni, meza isiyokalisha kikombe na benchi linalomtelezesha mgeni ni vyombo vibovu, hata vikimulikwa taa na kubandikwa jina la msanii. Donald Judd, mchongaji wa Marekani aliyetengeneza sanamu na samani pia, alilieleza hili katika insha yake ya mwaka 1993. Zamani aliombwa abuni meza ndogo ya sebuleni, akachukua sanamu yake moja yenye umbo la sanduku akairekebisha iwe meza. Sanamu ikadhalilika, meza ikawa mbaya, na baadaye akaitupa. Akahitimisha kwamba umbo na ukubwa wa kazi ya sanaa hauhamishiki kwenye samani, na kwamba kiti kisichofanya kazi, kikabaki kuonekana sanaa tu, ni kichekesho.

Juu ya kosa alilolitaja tunakubaliana naye kabisa. Juu ya mpaka alioweka, hapana. Alichukua umbo lililokwisha kukamilika kwa sababu zake lenyewe, kisha akalibebesha kazi. Wachongaji waliofaulu hapa katikati huanzia kwenye kitendo: kukaa, kuegemea, kuzunguka meza, kuketi enzini.

Mtazame Scott Burton, mchongaji wa Marekani aliyefanya “Jozi ya Viti vya Mwamba” mwaka 1980–81, kazi iliyomo katika jumba la makumbusho la MoMA jijini New York. Alichukua majabali ya mawe ya asili akayapiga mikato michache iliyonyooka, wa kukalia na wa kuegemea. Ukisimama nyuma unaona jabali. Ukizunguka mbele unaona kiti, na unaweza kukaa. Hakuna pambo lililoongezwa. Kitendo cha kukaa ndicho kilichoamua patasi ipite wapi.

Constantin Brancusi, mchongaji mzaliwa wa Romania, alikwenda njia nyingine. “Meza ya Kimya”, iliyowekwa Târgu Jiu nchini Romania mwaka 1938, ni meza ya duara ya mawe ya chokaa iliyozungukwa na vigoda 12. Vigoda vinakalika. Lakini viko mbali na meza kiasi kwamba aliyekaa hawezi kuweka kiwiko juu yake wala kufikia chakula. Sehemu zote ni za samani, na umbali ule mmoja ndio unaoibadilisha kuwa sanamu.

Na kuna Cristóvão Canhavato, msanii wa Msumbiji ajulikanaye kama Kester. Kiti chake cha enzi cha mwaka 2001, kilichopo katika jumba la makumbusho la British Museum jijini London, kimeundwa kwa bunduki zilizokatwakatwa, silaha zilizokusanywa baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyokoma mwaka 1992. Kina miguu, mikono na egemeo mahali pake. Mwili unatambua mara moja kwamba hapa ni pa kukaa, kisha unasita. Kusita huko kusingetokea kama kiti kingekuwa na vipimo vya ovyo.

Kwa hiyo kabla hujashika msumeno, andika sentensi moja tu: mwili wa mgeni utafanya nini hapa? Kwa mchoro ulioueleza, sentensi inaweza kuwa hii: “Watu wawili watakaa upande wa chini bila egemeo, na wa tatu ataegemea mgongo ulioinuka.” Kila mahali sentensi hiyo inapogusa, vipimo vya mwili ndivyo vinavyotawala. Kila mahali isipogusa, uko huru, na hapo chonga kwa ujasiri wote ulio nao. Kazi nyingi za aina hii huharibika kwa kugawa woga sawasawa: kiti kimelegezwa kidogo ili kifanane na sanamu, na sanamu imetulizwa kidogo ili ifanane na kiti.

Vipimo vyenyewe: kimo cha kikalio kiwe sentimita 42 hadi 45 kutoka sakafuni. Kwa ukumbi wa umma chagua 45, kwa kuwa wazee huinuka kwa urahisi zaidi kutoka kimo hicho. Kina kiwe sentimita 40 hadi 45. Ukivuka 50, mtu mfupi ama anakosa egemeo ama miguu yake inaning’inia. Kila mkaaji apate upana wa sentimita 55 hadi 60, na kwa mita 1.8 hao ni watatu. Kikalio kilale nyuma kwa nyuzi 3 hadi 5, yaani ukingo wa nyuma uwe chini ya wa mbele kwa sentimita 2 hadi 4 hivi. Egemeo lifunguke nyuzi 100 hadi 105 kutoka kwenye kikalio. Ukingo wa mbele uuviringe kwa nusukipenyo kisichopungua sentimita 2, ama sivyo utabana mishipa iliyo nyuma ya goti na watu watanyanyuka upesi bila kujua kilichowaondoa.

Habari njema ni kwamba mawimbi yako hayapigani na vipimo hivi. Mtu mmoja anahitaji eneo la takriban sentimita 40 kwa 40 lililo tulivu. Kati ya eneo na eneo, wimbi linaweza kupanda na kushuka upendavyo, na hilo lenyewe litawaonyesha watu mahali pa kukaa bila maandishi.

Jambo moja husahaulika sana kwenye mabenchi mazito: visigino. Mtu anapoinuka huvuta miguu nyuma, chini ya kiti. Benchi lililoteremka wima hadi sakafuni humnyima nafasi hiyo, akalazimika kujisukuma kwa mikono. Ingiza sehemu ya chini ya mbele ndani kwa sentimita 8 hadi 10. Na kama umbo lina matundu au mianya, usiache mwanya wa milimita 8 hadi 25 popote mkono wa mtoto unapofika. Kidole huingia kisha hakitoki.

Tengeneza kielelezo kwa udongo au povu gumu kwa kipimo cha 1:5. Kisha, na hili usiliruke, tengeneza kingine cha ukubwa kamili kwa povu na mabaki ya mbao, ukikalishe watu wa vimo tofauti. Sentimita 2 za ziada za benchi halisi ni milimita 4 tu kwenye kielelezo cha 1:5, na jicho halizioni. Makalio huzigundua papo hapo.

Sasa mbao. Njia unayotaka kuitumia ndiyo aliyoifanya kuwa maarufu Wendell Castle wa Marekani kuanzia miaka ya 1960, akigandisha mbao tabaka kwa tabaka na kuzichonga kwa msumeno wa mnyororo, badala ya kuunganisha kwa ndimi na matundu kama seremala wa kawaida. Uzuri wake ni kwamba unapata umbo lolote bila gogo kubwa, na gogo kubwa karibu siku zote hupasuka linapokauka. Ubaya wake ni kwamba kila kosa la kugandisha linafichika hadi siku umekwisha kuchonga.

Anza na unyevu. Mbao ziwe na unyevu wa asilimia 8 hadi 12, ukikaribia ule ambao ukumbi wenyewe utauleta, na tofauti kati ya ubao na jirani yake isizidi asilimia 2. Pima kwa mita ya unyevu katikati ya ubao, usipime nchani, maana ncha hukauka kwanza na kukudanganya. Huna mita? Kata kipande, kipime uzito, kikaushe kwenye oveni kwa nyuzi joto 103 hadi uzito usishuke tena. Uzito uliopotea, ukigawanywa kwa uzito mkavu na kuzidishwa mara 100, ndio unyevu kwa asilimia. Kama ukumbi una viyoyozi, panga mbao humo au katika chumba kinachofanana nao kwa wiki kadhaa, zikiwa na vijiti katikati ili hewa ipite.

Sababu ya ukali huu ni hii: mbao hazitanuki wala kusinyaa kwa urefu kwa kiasi cha kujali, lakini kwa upana husogea sana. Ubao wa upana wa milimita 300 uliopasuliwa bapa, unyevu wake ukibadilika kwa asilimia 4, hubadilika upana kwa karibu milimita 3. Ukiweka tabaka moja nyuzi za mbao zikielekea kwenye urefu wa benchi na tabaka la juu yake nyuzi zikikata upande, moja linataka kusogea milimita 3 na jingine halitaki kabisa. Plaiwudi huvumilia mpangilio huo kwa kuwa tabaka zake ni nyembamba. Ubao wa milimita 35 una nguvu za kupasua kiungo au kujipasua wenyewe. Kwa hiyo nyuzi zote zielekee upande mmoja, kwa urefu wa benchi, bila kuvunja kanuni hii hata kwa kipande kidogo cha urembo.

Kwa mbao za milimita 35, kikalio cha sentimita 45 kinahitaji tabaka 13, na mgongo wa sentimita 80 unahitaji 23. Chora umbo la kila tabaka kutoka kwenye kielelezo ulichokikata vipande, kisha kata kila ubao karibu na mstari wake, ukibakiza milimita 10 hadi 15 nje. Wakati huohuo kata tundu la ndani. Benchi zima la mita 1.8 × 0.45 × 0.42, likijaa mbao zenye uzito wa kilo 700 kwa mita ya ujazo, lingefika kilo 238. Ukiacha kuta za sentimita 5 tu, linashuka hadi chini kidogo ya kilo 110. Uzito si sababu pekee: mbao nene hukauka nje kabla ya ndani, na tofauti hiyo huzaa nyufa. Toboa tundu la milimita 12 au 15 chini, lisiloonekana, ili hewa ya ndani ilingane na ya nje.

Randa nyuso siku ileile utakayogandisha. Weka rula iliyonyooka juu ya ubao na uangalie kama mwanga unapenya. Ukipenya, rudia, kwa sababu gundi nyeupe haijazi mwanya. Paka gramu 150 hadi 200 kwa mita ya mraba. Gundi hiyo hukupa kama dakika 10 kabla ya kuanza kushika, na joto likiwa kali ni pungufu zaidi, kwa hiyo gandisha tabaka mbili au tatu kwa mara moja, si 13. Viungo vya ubavuni vya tabaka moja visikae juu ya viungo vya tabaka la chini. Vipishanishe kwa sentimita 5 au zaidi, kama mwashi anavyopishanisha matofali. Ili tabaka zisiteleze jiriwa zinapokazwa, tumia vijiti vya mbao. Usitumie misumari kamwe: utaisahau, na mnyororo wa msumeno utaikumbuka.

Jiriwa ziwe kila sentimita 15 hadi 20, ukianza katikati na kwenda nje. Nguvu ya jiriwa husambaa kwenye mbao kwa pembe ya nyuzi 45 hivi. Ukikaza moja kwa moja juu ya ubao wa milimita 35, katikati ya jiriwa mbili kunabaki eneo lisilobanwa. Weka vibao vinene vya kubania juu na chini. Ukiona vitone vya gundi vinatokeza kwenye mshono wote bila kukatika, umebana vya kutosha. Pasipo na vitone, hapo ndipo patakapofunguka.

Usikimbilie msasa wa mwisho. Maji ya gundi huvimbisha mbao kwenye mshono. Ukilainisha siku ya pili unakata ule uvimbe, kisha mshono unapokauka unazama, na benchi lote linapata mifereji myembamba ambayo mwanga wa pembeni huifichua bila huruma. Chonga umbo kubwa baada ya saa 24, lakini umaliziaji usubiri wiki nzima.

Mgongo unastahili uangalifu wa peke yake. Tabaka zako zimelala, na mtu akiegemea anajaribu kuzitenganisha, akivuta mbao kinyume cha nyuzi, upande ambao ni dhaifu kabisa. Gundi haitakuwa ya kwanza kushindwa. Mbao zenyewe zitachanika. Mtu akisukuma kwa nguvu ya kilo 50 kwenye sentimita 35 juu ya kikalio, shina la mgongo lenye unene wa sentimita 4 linabeba mkazo mara sita ya lile la sentimita 10. Shina liwe sentimita 10 hadi 12, likipungua taratibu hadi 4 kileleni, na pale linapoungana na kikalio pawe na mviringo mpana, si kona kali. Wengine hupitisha fito ya chuma wima na kuikaza kwa nati pande zote mbili. Hatushauri: rundo la sentimita 80 husogea milimita kadhaa msimu hadi msimu, chuma hakisogei, basi ama nati zinazama kwenye mbao ama zinalegea. Unene wa mbao unatosha. Vivyo hivyo kwa ncha zozote nyembamba zinazochomoza ubavuni: kama nyuzi zinaikata ncha badala ya kuifuata hadi mwisho, itavunjwa na begi la mtu. Inenepe, au iache.

Katika kuchonga, mistari ya gundi itakuwa mwalimu wako. Kwenye uso uliopinda, inajitokeza kama mikondo. Mkondo ukiyumba, uso una kinundu hata kama mkono bado haujakihisi. Zima taa za juu, weka taa moja chini ubavuni, na ufuate mikondo hiyo kwa tupa ya mbao kabla ya msasa wa 80, 120 na 180.

Kupinduka ni hesabu fupi. Benchi la kilo 110, kitovu cha uzito kikiwa sentimita 20 ndani ya ukingo wa tako (sehemu ya chini inayogusa sakafu), lina ukinzani wa 110 × 20, yaani 2,200. Mtu wa kilo 100 angelipindua akiwa na uzito wake sentimita 22 nje ya ukingo huo. Usimruhusu kufika huko: sehemu inayokalika isichomoze zaidi ya nusu, sentimita 11, mbele na pembeni pia. Ile nafasi ya visigino ya sentimita 8 hadi 10 imo ndani ya kikomo hicho. Hatari kubwa zaidi ni mgongo wako wa upande mmoja, kwa sababu watoto wataupanda. Funga kamba kileleni, ivute mlalo kwa mizani ya kuning’iniza hadi isome kilo 20. Hiyo ni 20 × 80, yaani 1,600, na benchi linapaswa kubaki limetulia. Likiinuka, panua tako au lifunge sakafuni kwa vyuma vya pembe vyenye matundu marefu, ili mbao ziweze kusogea. Pima kitovu cha uzito kwa kulisawazisha benchi juu ya bomba. Kukadiria kwa macho hakutoshi, maana umbo lenye mgongo upande mmoja hudanganya. Mwisho, lipakie mifuko ya mchanga ya kilo 300 kwa saa 24, huku uzi uliokazwa chini yake ukikuonyesha kama limebonyea.

Kwa umaliziaji tunapendelea mafuta kuliko vanishi. Vanishi ni ngozi: nguo zikiisugua ukingoni inapasuka, na huwezi kuitibu doa kwa doa. Mafuta yanaingia ndani, na pale palipochakaa unapaka tena palepale. Paka mara tatu, ukiacha saa 24 kati ya mara na mara. Matambara yaliyolowa mafuta ya kitani yatandaze nje au yatumbukize majini. Yakirundikwa hupata joto yenyewe na kuwaka moto. Jua pia kwamba mikono itaweka giza mahali inapogusa sana. Kwa kazi hii, giza hilo ni sehemu ya sanamu, na mwagizaji aambiwe mapema.

Ukifika kwenye kuliweka, kataa jukwaa. Hata kibao cha sentimita 10 kwenda juu huwaambia watu wasiguse, na vipimo vyako vyote vinakuwa bure. Kataa pia kuliegemeza ukutani. Liache sentimita 90 au zaidi kutoka ukutani ili watu walizunguke, kwa sababu linapoonekana pande zote ndipo macho yanapoacha kulihesabu kama kiti cha kungojea. Tako liingie ndani kidogo, sentimita 3 pande zote pale unapoweza, ili kivuli chembamba kiliinue kutoka sakafuni. Tangazo la “Usikalie” lisiwekwe, na “Karibu ukae” nalo halihitajiki.

Mkataba wako uandike yote mawili, kwamba ni kazi ya uchongaji na kwamba inakaliwa. Makaratasi yana nguvu zake: mwaka 1926 forodha ya Marekani iliitoza “Ndege Angani” ya Brancusi ushuru wa asilimia 40 kama bidhaa ya metali, katika fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali, na hadi Novemba 1928 ndipo mahakama ilipoamua kwamba ni sanaa. Andika mzigo ulioupima, nani atapaka mafuta na kila baada ya miezi mingapi, na kwamba marekebisho yasifanywe bila wewe. Ambatisha picha za kila tabaka kabla hujaifunika, ili fundi atakayelikarabati miaka 20 ijayo ajue tundu la ndani linaanzia wapi kabla hajaweka keekee.